Kabla hujafungua rejeta, mtoto yuko wapi?

Wasomaji wa safu hii wamenizoea nikiandika kuhusu chanjo, homa za watoto, lishe na kliniki. Wiki hii naomba ruhusa ya kuinua boneti ya gari. Sijahamia ukurasa wa magari. Nimewafuata tu watoto walipo, na Jumamosi asubuhi watoto wengi wapo palepale baba au mama anapoinamia injini.

Nyumba nyingi mijini siku hizi zina kagari kamoja: IST, Vitz, Passo, Spacio, au Noah kwa wenye familia kubwa. Karibu yote yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka, kisha sisi tukayaongezea miaka mingine ya foleni, vumbi na matuta. Bati linaweza kung'aa kama jipya, lakini mipira iliyomo ndani haijui kwamba gari limepigwa rangi. Inazeeka. Na unaozeeka kwa kishindo kuliko mingine ni ule mnene unaobeba maji ya moto kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, ambao mafundi huuita hozi.

Ukipasuka njiani, gari linachemsha. Ukipasuka Mlima Kitonga mwezi Desemba, una watoto watatu kiti cha nyuma na malori yanajikongoja mbele yako, hilo si tatizo la gari tena, ni tatizo la familia. Ndiyo maana sina ugomvi na mzazi anayeamua kuubadilisha mapema, nyumbani kwake, kwa mikono yake. Na nikisema mzazi simaanishi baba peke yake; bisibisi haiulizi jinsia. Kazi yenyewe inataka plaizi, bisibisi, beseni na uvumilivu wa asubuhi moja.

Nilichokuja kukisema ni kile ambacho video za kwenye simu hazikisemi. Anayezirekodi yuko gereji, na gereji hakuna mtoto wa miaka minne anayezunguka na kikombe cha plastiki akitafuta cha kunywa.

Maji yanayogoma kuchemka

Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Ni kweli, kwenye sufuria. Ndani ya rejeta mambo ni mengine. Mfuniko wa rejeta hauzibi tu kama kifuniko cha chupa. Una springi inayoyashikilia maji mpaka mgandamizo ufike kiwango fulani. Tazama juu ya mfuniko wa gari la Kijapani, mara nyingi utaona namba 0.9 au 1.1 imechapwa hapo. Hicho ndicho kipimo cha nguvu inayoshikiliwa, karibu sawa na uzito wa hewa yote inayotukandamiza sisi duniani, ukiongezwa juu ya ule wa kawaida. Katika hali hiyo maji yanaweza kukaribia nyuzi 120 na bado yasichemke.

Sasa mtu anafungua mfuniko. Mgandamizo unaondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yamevuka nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke unataka nafasi kubwa mno kuliko maji. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo inaelekea juu, kwa aliyeinama. Wala gari si lazima liwe limechemsha. Injini iliyo nzima kabisa, iliyotoka kumpeleka mtoto shule na kurudi, huwa na maji ya nyuzi 85 mpaka 95.

Linganisha na ngozi. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima jeraha la kina kwa sekunde tano hivi. Yakifika nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba kuliko yetu, kwa hiyo hata huo muda hana. Halafu kuna suala la kimo, ambalo watu wazima hatulifikirii kwa sababu tunatazama kutoka juu. Mtoto wa miaka sita akisimama mbele ya gari, kifua na uso wake viko karibu kabisa na usawa wa mfuniko. Kinachompata mtu mzima mikononi na tumboni, mtoto kinampata machoni.

Anayetumwa maji

Chunguza jinsi kazi hii inavyofanyika kwenye nyumba zetu. Gari limefika getini likitoa moshi mweupe. Boneti inainuliwa. Neno la kwanza linalosikika ni "Leteni maji!" Nani analeta? Si baba, yeye ameshika kitambaa anautazama mfuniko. Si mama, yuko jikoni au ndiye anayeendesha. Analeta mtoto. Anakuja mbio na jagi, na kwa kuwa amelelewa vizuri, anampa mkubwa kwa mikono miwili, amesogea karibu, uso mbele. Ile adabu tuliyomfundisha ndiyo inayomsimamisha mahali pabaya kuliko pote uani.

Kazi ya pili ya mtoto ni kushika tochi. Hii ni ya jioni, pale mzazi anapotaka kumaliza kabla ya giza. Mshika tochi hawezi kusimama mbali. Anaambiwa sogea, mulika hapa, hapana, pale chini. Anaishia kichwa kikiwa ndani ya boneti kabisa.

Sisemi watoto wafungiwe ndani. Kumwona mzazi akitengeneza kitu kwa mikono yake ni elimu ambayo hakuna shule inayoitoa. Jirani yangu mmoja alibadilisha mpira wa IST yake mwezi uliopita, na mkewe alifanya jambo nililolipenda. Alichukua chaki akachora mstari uani, hatua sita hivi kutoka kwenye gari, akatandika mkeka nyuma yake.

"Hapa ndipo uwanja wa mashabiki," aliwaambia watoto. "Anayevuka mstari, anafua soksi za baba wiki nzima."

Wakakaa. Mdogo akapaza sauti kutoka kwenye mkeka: "Baba, gari linaumwa wapi?"

"Mshipa, mwanangu. Mshipa wa damu umechoka."

Tochi ilifungwa kwa kamba kwenye boneti. Maji ya kujazia yalichotwa mapema, yakawekwa karibu na baba, na ndoo ya pili ya maji safi ikawekwa kando kwa ajili ya ajali. Hiyo ndoo ya pili nitaieleza, ndiyo kiini cha makala haya kwa upande wangu.

Dakika 20 za maji

Mtu akiunguzwa na maji ya rejeta, kinachomsaidia ni maji ya kawaida, yanayotiririka juu ya jeraha, kwa dakika 20. Dakika mbili hazitoshi, na kusema "mpaka aache kulia" si kipimo. Tazama saa. Joto lililoingia kwenye ngozi linaendelea kuipika hata baada ya maji ya moto kufutika, na maji baridi ndiyo yanayolitoa. Kama bomba la uani lina maji, vizuri. Kama ni siku ya mgawo, ndiyo kazi ya ile ndoo: unachota kwa kopo na kumwagia polepole, tena na tena. Hata kama ajali imetokea njiani na muda umepita, kupooza jeraha bado kuna faida ndani ya saa tatu za kwanza.

Wakati maji yanamwagika, mvue nguo iliyolowa, maana fulana iliyonyonya maji ya moto inaendelea kuunguza. Kama imegandia kwenye ngozi, iache hapo na uikate pembeni. Vua bangili, saa, cheni, kabla mwili haujavimba. Sehemu nyingine ya mwili mfunike kwa khanga, kwa sababu mtoto mdogo akimwagiwa maji dakika zote hizo anaweza kupata baridi kali. Barafu usiiguse, inaumiza ngozi iliyokwisha kuumia.

Baada ya hapo funika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, au ile karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula, bila kukaza. Malengelenge usiyatumbue. Na hapa najua nitagombana na bibi zetu: dawa ya meno, asali, ute wa yai, unga, mafuta ya kupikia, manyoya ya sungura, vyote hivyo viache. Vinashika joto ndani, vingine vinaingiza vijidudu, na daktari analazimika kuvikwangua juu ya nyama mbichi ili aone jeraha lilivyo. Mtoto anaunguzwa mara moja, kisha anaumizwa mara ya pili katika kusafishwa.

Hospitali ni lazima kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, kama limegusa uso, macho, mikono, miguu, sehemu za siri au maungio, au kama ngozi imekuwa nyeupe ama imekauka na haiumi. Jeraha lisiloumi halina nafuu yoyote, maana yake mishipa ya fahamu imeungua nayo. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mimi nisingesubiri kupima ukubwa.

Sasa mpira

Mpira mbovu hujulikana kabla haujapasuka. Gari likiwa baridi, uminye kwa vidole. Mzima unakuwa mgumu kiasi na unarudi ulivyokuwa. Uliochoka unalegea kama chapati, au umekauka na unatoa sauti ya kukatika. Tazama karibu na klipu: ukivimba, ukiwa na nyufa ndogondogo, ukiwa na ukoko mweupe au wa kijani pembeni, unaomba kustaafu. Oili ikiwa inaumwagikia pia unaharibika, hivyo kabla hujanunua mpya tafuta oili inatoka wapi.

Fanya kazi asubuhi, gari likiwa halijawashwa tangu jana. Huu ndio ushauri mmoja ambao ningeubandika kwenye kila boneti nchini. Ukishapata gari la baridi, hatari ya kuungua umeshaipunguza karibu yote, na kilichobaki ni ufundi. Kugusa boneti kwa mkono na kusema "limepoa" hakutoshi. Bati hupoa mapema, maji yaliyomo ndani huchelewa. Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya matairi. Chomoa waya wa hasi wa betri, kwa sababu kwenye baadhi ya magari feni ya rejeta huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata kama ufunguo umeutoa, na vidole vyako viko hapohapo.

Mpira wa juu unafikika ukiwa umesimama. Wa chini ni kazi nyingine, mara nyingi unataka gari liinuliwe, na hapo msimamo wangu ni mkali: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala matofali, wala tairi la akiba na matumaini. Kama huna stendi za chuma, huo wa chini mwachie fundi.

Weka beseni chini ya rejeta. Fungua mfuniko, kisha legeza koki ya plastiki iliyo chini ya rejeta, kwa mkono na kwa upole, maana ya gari la zamani huvunjika kama biskuti. Kwa mpira wa juu huhitaji kumaliza maji yote. Yakishuka chini ya shingo ya rejeta inatosha. Klipu za springi unazibana masikio kwa plaizi na kuzirudisha nyuma. Za skrubu unazilegeza kwa bisibisi. Kisha zungusha mpira kulia na kushoto mpaka uachie. Usiuchokonoe kwa bisibisi. Shingo ya rejeta za sasa ni plastiki, ikipata ufa utanunua rejeta nzima na hutapenda bei yake. Mpira ukigoma, uchane kwa kisu kwa urefu. Umeshakufa, hauna cha kupoteza.

Nenda dukani na ule wa zamani mkononi. Usiende na jina la gari tu, maana IST ziko za injini zaidi ya moja. Pale Shaurimoyo, Ilala, muuzaji atakupa kinachofanana, lakini wewe ndiye wa kulinganisha: urefu, kona zote, upana wa tundu pande zote mbili. Mpira ulionyooka unaolazimishwa kupinda hujikunja katikati na kuziba njia. Na kama bei ni ya kushangaza kwa urahisi wake, basi shangaa kweli.

Safisha shingo kwa kitambaa mpaka ukoko wote utoke. Vaa klipu kwenye mpira kwanza, ndipo uingize mpira, watu wengi hukumbuka klipu wakiwa wameshamaliza. Ukikataa kuingia, ulowanishe kwa maji. Grisi na oili hapana. Usukume mpaka uvuke ule mkunjo ulioinuka kwenye shingo, klipu ikae nyuma ya mkunjo huo. Kaza iwe imara, lakini usishindane nayo.

Kuhusu cha kujazia. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo sisi wa Dar es Salaam tunayajua vizuri, yanaacha ndani ya injini ukoko uleule unaouona ndani ya birika la chai. Tumia kulanti. Kama ni ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kama chupa imeandikwa kwamba imeshachanganywa, mimina ilivyo. Rangi si kipimo cha ubora wala cha aina, kwa hiyo usichanganye ya kijani na ya pinki kwa kuwa zote ni kulanti. Ni vizuri kufuata kitabu cha gari.

Jaza taratibu, ukiuminya mpira ili hewa itoke. Ikikaa sawa, hakikisha koki ya chini imefungwa, funga mfuniko, rudisha waya wa betri, washa gari mpaka feni ianze, kisha zima. Wako watakaokuambia uliache likiunguruma mfuniko ukiwa wazi. Kwa nyumba yenye watoto mimi siupendi mtindo huo, kwa sababu maji hupanda ghafla na kumwagika. Liache lipoe kabisa, hata kama ni mpaka baada ya chakula cha mchana, ndipo ufungue tena uongeze palipopungua. Siku mbili tatu zinazofuata, tazama chini ya gari kila asubuhi.

Na ukishabadilisha mpira, usiridhike kama gari bado linapata moto. Tatizo linaweza kuwa pampu, feni, rejeta iliyoziba au mfuniko wenyewe uliochoka. Mafundi wetu wengi wana jibu moja kwa yote hayo: wanaitoa thamostati, wanasema hii nchi ya joto haiihitaji. Injini iliyoondolewa thamostati hufanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa na hula mafuta zaidi, na ugonjwa wa awali unabaki palepale. Kwa lugha ya kwetu ni sawa na kumpa mtoto dawa ya homa kila siku bila kumpima malaria.

Jambo moja zaidi kwa wenye magari madogo: mengi hayana mshale wa joto, yana taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Maji yote yakishamwagika, kipimo kinaweza kubaki hewani na kisisome sawasawa. Ukiona mvuke au ukisikia harufu tamu ndani ya gari, simama, usisubiri taa.

Ile harufu tamu

Harufu hiyo ndiyo sehemu ya pili ya hofu yangu. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, kemikali isiyo na rangi yenye ladha tamu. Ile rangi ya kijani au pinki huongezwa kiwandani. Kwa hiyo tunacho kimiminika kitamu, chenye rangi ya juisi, ndani ya beseni, chini, kwenye usawa wa mtoto anayetambaa. Aliyetaka kubuni mtego asingefanya vizuri zaidi.

Kiasi kinachoweza kuua mtu mzima kinakadiriwa kuwa kama mililita 100 za kemikali hiyo ikiwa halisi, chini ya nusu kikombe. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kijiko kimoja cha chakula mpaka viwili vinatosha kuhatarisha maisha. Ethilini glaikoli yenyewe humlevya mtu tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi, na asidi hizo ndizo zinazoharibu moyo, ubongo na figo, ambako hutengeneza chembechembe ngumu zinazoziba mirija. Ndiyo sababu ugonjwa huu unadanganya. Saa za mwanzo mtoto anayumba kama mlevi, anatapika, anasinzia. Mzazi anadhani ni uchovu au malaria. Baadaye anapumua haraka haraka. Mkojo unapopungua au kukata, kati ya siku ya kwanza na ya tatu, figo zimeshaumia.

Si jambo la kufikirika. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, zilizokutwa na ethilini glaikoli na ndugu yake daiethilini glaikoli. Vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa nazo, kwa figo kushindwa kufanya kazi. Kule kemikali ilikuwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Kwetu inakaa kwenye chupa ya maji ya kunywa chini ya ngazi, kwa sababu ilibaki kidogo na dumu lake lilipasuka. Tumeshazika watoto waliokunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa za soda. Tabia ni ileile.

Mtoto akinywa, au ukishuku tu kwamba amekunywa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza. Usimtapishe. Usimpe maziwa, najua ndiyo kimbilio letu kwa kila sumu, lakini hayaizuii hii, yanakupotezea muda. Chukua dumu la kulanti uende nalo, daktari asome kilichoandikwa. Ipo tiba ya kulizuia ini lisiigeuze kemikali hiyo kuwa asidi, na ipo huduma ya kusafisha damu kwa mashine katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Benjamin Mkapa, lakini zote hizo hufanya kazi vizuri zaidi kabla dalili hazijakomaa. Ukiwa mbali na miji hiyo, kituo kilicho karibu ndicho cha kuanzia, na rufaa iombwe mapema.

Kulanti iliyobaki ikae kwenye dumu lake la asili, mfuniko umekazwa, mahali pa juu panapofungwa kwa ufunguo. Iliyotoka kwenye rejeta usiimwage mtaroni wala kwenye migomba. Mbwa, paka na mbuzi wa mtaani wataifuata utamu. Imimine kwenye dumu la oili lililoisha, andika SUMU kwa maandishi makubwa, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Palipomwagika sakafuni pamwagie mchanga, uzoe, kisha uoshe kwa maji mengi. Na lile beseni, hata likisuguliwa vipi, lisirudi bafuni. Litobolewe, lipandwe mchicha wa mapambo, au libaki kuwa beseni la gari maisha yake yote.